Homa Iliyopanda Nasi Usambara

Jumamosi: Dar es Salaam hadi Lushoto

Daktari alinipa maagizo mawili: kidonge kimoja cha presha kila asubuhi, na kutembea. Nilianza kwa kuzunguka mtaa, nikaongeza hadi sokoni na kurudi, na Juni ilipoingia nikawatangazia ndugu zangu kwamba nakwenda Usambara ya Magharibi kutembea kwa miguu kutoka Lushoto mpaka Mtae. Kaka yangu akasema sawa, ila peke yangu siendi. Akanipa mwanawe.

Kijana ana miaka 22, anacheza winga, anapanda ngazi mbili mbili. Wiki iliyopita ndiyo karudi kutoka Kilombero, alikokwenda na wenzake kuvuna mpunga kwa kibarua. Asubuhi hii kwenye stendi ya Magufuli, Mbezi, aliuchukua mfuko wa dawa mikononi mwangu kabla sijasema neno. "Shangazi, huu ni wangu mpaka turudi." Ndani mna mashine ya presha, vidonge vyangu, pakiti za chumvi ya kurudisha maji mwilini, pamba na plasta. Vyote vimefungwa kwa kunifikiria mimi.

Njia ni ile ya Chalinze, daraja la Wami, Mkata, Segera. Kuanzia Segera mashamba ya mkonge yanafuatana nawe, safu kwa safu. Mkonge si mzawa wa huku: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vipando kutoka Florida, na vilivyofika hai ni 62 tu. Kila ninapoupita mkonge wa Tanga huwa naikumbuka hiyo 62.

Mombo tulishuka tukapanda kosta ya mlimani. Joto la Mombo linakushika shingoni, halafu barabara inaanza kujipinda juu ya korongo, upande mmoja jiwe, upande mwingine hewa tupu, na kila kona madirisha yanafungwa moja baada ya jingine. Tulipopita maporomoko ya Soni abiria wote walikuwa wamevaa masweta. Lushoto iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na Juni baridi yake haina mzaha. Tumekula maharage na ugali wa moto. Presha: 148 kwa 92.

Jumapili: Irente

Matembezi ya kujaribu miguu. Njia ya Irente inapita kati ya mashamba ya kahawa, migrivea na nyumba za matofali ya kuchoma. Wazee wanasalimiwa na kusimama kweli kusubiri jibu. Kijana alitoa shikamoo nyingi kuliko anazotoa mwezi mzima Dar.

Pale kileleni ardhi inakatika ghafla. Chini kabisa kuna Mombo, Mazinde, reli, na mkonge umegeuka michirizi. Nilikaa juu ya jiwe muda mrefu. Tangu niambiwe nina presha nimekuwa nikiusikiliza moyo wangu kwa hofu, kila kishindo nakihoji. Leo nimeusikia ukipiga kwa nguvu baada ya mlima, na nikajua unafanya kazi yake. Nimefurahi kiasi ambacho siwezi kukieleza vizuri hapa.

Tulinunua jibini na mkate shambani kwa Walutheri, tukarudi taratibu.

Jumatatu: msitu wa Magamba, kulala Lukozi

Tumeongozwa na kijana wa Kisambaa aliyezaliwa kandokando ya msitu huu. Ananiita mama, na anatembea kwa mwendo wangu bila kuonyesha kwamba anapunguza.

Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia, na ukiingia tu, sauti za bodaboda zinakatika. Kuna mikulo ambayo watu watatu hawawezi kuikumbatia, kuna mipodo iliyovaa kuvu na mandevu ya kijani, na maji yanatiririka chini ya majani pasipo kuonekana. Milima hii ni sehemu ya Tao la Mashariki, mnyororo unaoanzia Taita kule Kenya ukapita Pare, Usambara, Nguru, Uluguru hadi Udzungwa. Misitu yake ni ya kale sana, na kwa sababu kila mlima umezungukwa na nyanda kavu, viumbe vya hapa vimekaa peke yao kwa muda mrefu mno, vikawa vya hapa tu. Wapenda maua wa Ulaya wanafuga madirishani ua dogo la zambarau ambalo asili yake ni Usambara na maeneo ya jirani. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, ndiye aliyelipeleka kwao, na wataalamu wa mimea wakalipa jina lake.

Mwongozaji aliona kinyonga pale ambapo mimi niliona jani. Ana pembe mbili fupi puani, na ni wa milima hii. Hakumgusa, na akatuomba tusimguse. Alisema zamani watoto walikuwa wakiwakamata kuwauza kwa wageni, na sasa yeye anakula kwa sababu kinyonga yupo mtini. Tulimsubiri avuke tawi. Hapo juu mbega weupe waliruka, mikia ikiwafuata, na matone ya ukungu yakatumwagikia.

Kijana wangu alipiga picha nyingi. Alikuwa na furaha. Naandika hili kwa makusudi, maana baadaye nilijiuliza kama kulikuwa na dalili yoyote siku hii, na naapa hapakuwa.

Jioni tulitokeza Lukozi. Hapa ndipo kabichi, karoti, njegere na viazi vya Kariakoo vinapopakiwa: magunia yamepanda juu ya malori, wanawake wanaosha karoti kwenye mto kwa miguu, harufu ya udongo mbichi kila mahali. Upande wa Shume Wajerumani walikata mierezi, wakajenga njia ya waya ya kushushia mbao hadi Mkumbara kwenye reli. Msitu uliobaki nimeutazama kwa jicho jingine baada ya kuambiwa hayo.

Jumanne: Lukozi hadi Rangwi

Leo mimi nimetangulia na yeye amefuata nyuma.

Kwanza nilidhani amesimama kupiga picha. Mara ya pili nikamkuta ameketi kwenye kingo za shamba, mfuko wa dawa umepakatwa kifuani. "Viungo tu, Shangazi. Jana tumetembea sana." Nikamwamini, kwa sababu hata mimi mapaja yalikuwa yanauma. Mchana akakataa kula viazi. Saa tisa ukungu ulishuka, akaanza kutetemeka. Kila tuliyekutana naye alikuwa na maelezo yaleyale: kijana wa Dar, baridi ya Usambara, mpeni chai ya tangawizi. Mama mmoja alivua kitenge chake cha pili akamfunika mabegani, akakataa kukipokea tulipotaka kumrudishia.

Maelezo yalikuwa ya kweli kabisa kwa macho. Kulikuwa na baridi. Mimi mwenyewe nilikuwa natetemeka.

Mwongozaji akachukua mabegi mawili, mimi nikachukua mfuko wa dawa na mkono wa kijana. Tukafika Rangwi giza likiingia, tukapokewa kwenye nyumba ya masista. Bonde la Rangwi ni zuri, nimeambiwa. Sikuliona.

Jumatano: Rangwi

Usiku kutetemeka kulikoma, kukaja moto. Niliweka kiganja kwenye paji lake nikakiondoa haraka. Alikuwa anaongea maneno yasiyofuatana: mashua, magunia, mtu aliyemdai hela. Nikamtoa sweta. Nikachovya kanga kwenye maji nikamfuta. Saa kumi usiku akaloa jasho mpaka shuka, akalala usingizi mzito, na asubuhi akafumbua macho akaniambia amepona, twende.

Sista mmoja ambaye ni muuguzi aliingia na uji. Hakuuliza anaumwa nini. Aliuliza, "Wiki mbili zilizopita alikuwa wapi?"

Nikasema Kilombero. Kwenye mpunga. Kijana akaongezea mwenyewe kwamba walilala kwenye kibanda cha shambani, chandarua kilikuwa kimoja, wakampa mzee mwenye shamba. Sista akaweka kikombe mezani, akamwita mwenye pikipiki.

Nimekaa na swali lile siku nzima. Sisi wote tulikuwa tunamtazama pale alipo: mlimani, kwenye ukungu, kwenye kijiji ambacho mbu ni wachache. Hatukumtazama alikotoka. Kimelea cha malaria kikishaingizwa na mbu hupita ini kwanza, kimya kimya, na homa huja siku 7 hadi 14 baadaye, wakati mwingine zaidi. Kwa hiyo siku ile kijana anapiga picha za mbega, alikuwa tayari amebeba malaria ya Kilombero damuni. Tulipanda nayo kwenye basi, tukaipitisha Soni, tukaingia nayo Magamba.

Kwenye zahanati walimtoboa kidole, wakaweka tone la damu kwenye kipimo cha haraka, tukasubiri kama dakika 20. Mistari miwili. Joto 39.4. Mganga aliuliza maswali yote niliyotamani ayaulize: mkojo una rangi gani, amepata degedege, ametapika, anaweza kukaa mwenyewe, macho yamegeuka njano? Akaniambia waziwazi kwamba ikiwa atachanganyikiwa tena, au kushindwa kusimama, au kupumua kwa shida, tusingoje asubuhi, tumshushe Lushoto hospitali usiku huohuo kwa sindano. Niliandika kwenye daftari hili kila alichosema. Mkono wangu ulikuwa unatetemeka kuliko wake.

Dawa ya mseto, vidonge 24 kwa mtu mzima. Vinne palepale, saa tano asubuhi. Vinne vingine baada ya muda wa masaa 8 kamili, yaani saa moja jioni. Kisha vinne asubuhi na vinne jioni, kesho na keshokutwa. Vinywewe na chakula chenye mafuta au maziwa, kwa sababu bila mafuta mwili hauinyonyi dawa vizuri. Hakuna kuacha hata akijisikia mzima siku ya pili. Hapo ndipo watu wengi wanapoacha, wakabakiza vidonge kabatini kwa ajili ya homa nyingine.

Alitapika vile vinne vya kwanza kabla nusu saa haijapita. Nikafikiri dunia imeisha. Mganga hakushtuka: akampa vingine vinne, na maziwa kidogo kidogo, na nikaketi nikitazama saa ya ukutani mpaka nusu saa ikapita, kisha saa nzima. Vilikaa.

Jioni nilizungumza na mganga akimaliza kufunga dirisha. Aliniambia wagonjwa wa malaria anaowapata wengi wametoka bondeni au mijini: wanafunzi wanaorudi likizo, madereva wa malori ya mboga, vibarua wa mkonge. Juu huku ubaridi unakichelewesha kimelea ndani ya mbu. Chini ya nyuzi joto 18 hivi kile cha malaria kali hakikomai kabla mbu hajafa. Ndiyo maana wazungu wa koloni walikimbilia Lushoto. Na Amani, upande wa pili wa milima hii, walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902 wakapanda mikwinini, miti ambayo magome yake hutoa kwinini, dawa ya malaria. Na Korogwe tuliyoipita Jumamosi ni miongoni mwa sehemu ambapo watoto walishiriki majaribio makubwa ya chanjo ya malaria, ile iliyokuja kupendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021. Nimepita Korogwe mara nyingi sana maishani mwangu nikiwaza chai na mihogo tu. Kuna wazazi pale waliokubali watoto wao wafuatiliwe kwa miaka, na mimi sijawahi kuwashukuru. Nawashukuru hapa.

Lakini kwa sababu watu wa juu hawaumwi mara kwa mara, alisema, miili yao haina mazoea nayo, na ikiwapata huwapiga vibaya, wazee kwa watoto. Kijana wa Dar anayeletwa anatetemeka akaambiwa ni baridi, amewaona wa kutosha. Hapo sauti yake ilibadilika, na sikumuuliza zaidi.

Kaka nilimpigia usiku, baada ya vidonge vya pili. Alinyamaza, kisha akauliza, "Na wewe presha umepima?" Nilikuwa sijapima tangu Jumatatu.

Alhamisi: Rangwi

Homa ilirudi mchana, nyepesi. Amekunywa supu ya kuku. Amelala. Vidonge saa moja asubuhi, saa moja jioni. Mwongozaji ameondoka kurudi kwao, akakataa malipo ya siku ambazo hatukutembea. Nilimwekea kwenye mfuko wa koti bila yeye kujua.

Presha 150 kwa 94. Nimemeza changu, nimekaa kwenye benchi, nimepumua.

Ijumaa: Rangwi

Leo nimeliona bonde.

Mto unapita katikati, mashamba yanaanzia ukingoni yakapanda mpaka juu kabisa, kila kipande kimeshikiliwa na mstari wa majani marefu ya kuzuia udongo usishuke. Pale ambapo mistari hiyo imeachwa, unaona kovu jekundu likiteremka. Nilitembea na sista mpaka kwenye bustani yao ya karoti. Ana miaka zaidi ya sabini na anapanda kilima akiongea. Nilimwambia nilikuja huku kupona, na nimegeuka muuguzi. Akasema kwa hiyo umepona, maana mgonjwa huwezi kumkesha mtu siku hizi zote. Nilicheka, ila maneno hayo nimelala nayo.

Kwa sababu ni kweli kwamba tangu Machi nyumbani nimekuwa mtu wa kuambiwa keti. Wanangu wananipokonya ndoo. Majirani wananiuliza presha kabla ya habari za nyumbani. Wananipenda, najua, na upendo huo ulikuwa umenifungia ndani. Usiku ule wa Jumanne hapakuwa na wa kuniambia keti. Nilimbeba kijana wa kilo sabini kutoka kitandani hadi chooni na kurudi, na mwili huu ulikubali. Sijui kama daktari wangu angependa kusikia, lakini nitamweleza yote.

Kijana amekula ugali. Amenyoosha mkono autwae mfuko wa dawa. Nikamwambia usiku huu bado ni wangu. Saa moja jioni alimeza vinne vya mwisho, nikakunja pakiti tupu nikaiweka ndani ya daftari.

Jumamosi: Mtae

Kutembea mpaka Mtae tumekuacha. Tumekwenda kwa gari dogo la abiria, tukipitia Sunga, wawili kiti cha mbele, kuku miguuni.

Mtae imekaa juu ya ukingo mwembamba, na nyumba nyingine upande wa mbele zina bonde na upande wa nyuma zina bonde. Kaskazini nyanda za Mkomazi zinanyooka hadi Kenya, magharibi ni Upare. Wanasema hewa ikitakata Kilimanjaro huonekana. Leo kulikuwa na vumbi la kiangazi huko chini, hatukuona, na hakuna aliyejali. Kijana alitembea kutoka gesti hadi ukingoni, kama mita mia tatu, akapumzika mara mbili. Nilisimama naye kila aliposimama. "Sasa unatembea kwa mwendo wangu, Shangazi," akasema. Nikamwambia naujua mwendo huo, nimeuanza tangu Machi.

Tukiwa pale akaniuliza jambo nililokuwa sijaliwaza: wale wenzake wa Kilombero. Walikuwa wanne kwenye kibanda kile.

Mtandao Mtae unakuja na kuondoka. Wawili waliitika, wazima. Wa tatu hakupatikana.

Jumapili: kurudi

Basi limeondoka gizani, saa kumi na moja alfajiri, limejaa mpaka mlangoni. Presha niliyopima kabla ya kupanda: 138 kwa 86.

Lushoto simu ikaita. Ni mke wa yule wa tatu, yuko Ifakara. Mumewe ana siku nne za homa inayokuja na kuondoka, anameza Panadol, anasema ni uchovu wa kuvuna, na leo asubuhi ameshindwa kusimama sawasawa. Kijana alianza kueleza kwa upole. Nikaiomba simu. Nikamwambia, mwanangu, mimi ni shangazi yake huyu, sitaki uchovu wala kesho, mwinue sasa hivi, muweke kwenye bajaji, apimwe malaria, na waambie amelala shambani bila chandarua na kwamba mwenzake amekutwa nayo. Akasema hawana hela ya bajaji. Kijana akatuma hapohapo, ile aliyokuwa amebakiza ya viatu.

Tulishuka kona za Soni hakuna aliyezungumza. Mombo joto likatupokea, masweta yakatoka. Korogwe hatukununua kitu, simu ilikuwa mkononi mwake.

Ujumbe uliingia tulipokaribia Segera. Mistari miwili. Wamemlaza kwa sindano, drip imeshatundikwa, na mke ameuliza kama maziwa yanaruhusiwa. Nikamwandikia aulize muuguzi kwanza, kisha nikampigia.